Sauti Iliyokwama Asilimia Sitini na Nne

4 Februari

Kwa binti yangu, fundi wa minara,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua barua hii utasema shikamoo hata kama huko kilimani hakuna wa kukusikia. Mimi sijambo, kifua kinapumua, tundu la kooni ni safi, daktari ameridhika. Mamkubwa wako naye ni mzima. Macho yake ni yale yale, giza lile lile, ila ulimi haujapungua hata chembe. Je, wewe? Baridi unaiweza? Mumeo bado anachomelea vyuma au amechoka? Watu hapa wananicheka eti mtoto wangu anajenga mnara wa simu na mwenyewe hapatikani kwa simu. Nawajibu kinyozi hajinyoi.

Sasa kaa chini. Nimeiua laptopu.

Usipige kelele kwanza. Jumatatu asubuhi iliniambia kuna sasisho la mfumo, nikubali au niahirishe. Nikakubali, kwa adabu zangu zote. Ikajizima, ikajiwasha, ikaandika "Inasasisha, usizime kompyuta," na namba chini yake. Namba ikapanda vizuri kama bei ya ng'ombe mnono: ishirini, arobaini, sitini. Ilipofika sitini na nne ikasimama. Nikanywa chai, sitini na nne. Nikaenda sokoni nikarudi, sitini na nne. Binti yangu, mimi ni dalali wa mnada. Maisha yangu yote najua jambo moja: bei ikisimama unaita mara tatu, unagonga. Nikachukua nyundo yangu nikaita kimoyomoyo. Mara ya kwanza. Mara ya pili, nani zaidi? Hakuna zaidi. Mara ya tatu. Nikagonga meza, nikabana kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikawa cheusi. Imekwenda!

Kweli ikaenda. Tangu hapo nikiiwasha inazungusha vidoti, inaandika kwamba imeshindwa kuanza, inajizima, inajiwasha tena, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo kwenye mlango wake mwenyewe.

Unajua kilichomo humo, lakini nitakisema, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Kabla madaktari hawajanitoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, ulinikalisha wiki nzima nikisoma sentensi zako za kipuuzi, mara kuku mweupe kavuka barabara, mara shangazi kanunua ndoo, na kutoka humo ukanitengenezea sauti. Naandika, mashine inasema, na inasema kwa sauti yangu, mikwaruzo na yote. Bila hiyo nyumba hii ina watu wawili ambao hawana njia ya kufikiana. Mimi naweza kuandika, Mamkubwa wako haoni. Yeye anaweza kusema, mimi namjibu kwa kugonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Leo ameniuliza ninawaza nini. Utagonga mara ngapi hapo?

Na unajua neno la mwisho nililomwambia kwa sauti yangu, dakika chache kabla ya hilo sasisho? "Chai hii haina sukari." Miaka yote ile ya kupiga domo, na nimeishia hapo. Tangu siku hiyo anajaza sukari mpaka kijiko kinasimama wima, na siwezi kumwambia aache.

Niambie la kufanya, nitafuata neno kwa neno. Dereva wa lori la saruji ameapa kukufikishia barua hii.

Bamkubwa wako,
Nyundo


12 Februari

Bamkubwa wangu,

Shikamoo! Nimeisema kwa sauti kweli, na mpishi wa kambi akaitikia akidhani namwamkia yeye. Sisi hatujambo. Baridi inauma lakini inazoeleka. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama kifua hakikusumbui kwa vumbi la kiangazi.

Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Umeupigia mnada mfumo wa kompyuta! Bamkubwa, sitini na nne haikuwa bei. Mashine ilikuwa kazini, kimyakimya. Fikiria mtu anayehamisha nyumba nzima, kutoka vyumba vya zamani kwenda vipya, kitu kimoja kimoja, na vitu vyenyewe ni mamilioni. Katikati ya shughuli mtu anazima taa na kufunga mlango. Sufuria ziko huku, mafiga yako kule. Ndiyo hali ya laptopu yako. Haijafa, imechanganyikiwa.

Sauti yako haimo katika vyumba vinavyohamishwa. Iko pembeni, kama stoo, na naamini haijaguswa. Nasema naamini kwa sababu sina uhakika, na siwezi kukuficha: nakala yangu ilikuwa kwenye begi lililoibwa stendi tulipokuwa tunakuja huku. Nilipanga kuja kunakili nyingine. Kwa hiyo sauti yako iko hapo mezani kwako tu, haipo kwingine.

Basi sikiliza. Usimpe mtu yeyote aifomati, yaani aifute yote, hata akija na tabasamu. Chomeka chaja. Iwashe, na vidoti vikianza kuzunguka, bana kitufe mpaka izime. Rudia. Rudia tena. Ndiyo, mara tatu, na usinicheke, safari hii nyundo yako ina kibali. Mashine ikiona imeshindwa kuamka mara kadhaa mfululizo, inaacha kujilazimisha na inafungua ukurasa wa matengenezo. Ukifunguka, mikono mgongoni! Niandikie kila neno unaloliona.

Na kuna jingine. Wamenishusha mnarani, sipandi tena, kazi yangu sasa ni kupanga nyaya huku chini. Sijakosa kitu. Nina mimba, Bamkubwa. Mume wangu anajua, mganga wa kambi anajua, na sasa wewe.

Mwambie Mamkubwa. Lakini nakuomba, mwambie mwenyewe, kwa sauti yako. Yeye hakujaliwa kuzaa, na alinilea mimi bila kunionyesha hata siku moja kwamba kuna kitu alikikosa. Sitaki aipate habari hii kwa mdomo wa jirani anayesoma karatasi huku akifikiria mboga zake jikoni. Nitasubiri.

Mwanao


19 Februari

Binti yangu, mama mtarajiwa,

Marahaba mara mbili, yako na ya huyo uliyembeba! Mzima? Unakula? Usinyanyue vitu vizito, hata nyundo. Sisi tuko salama, ila mimi nimekonda kwa habari.

Ebo! Unampa dalali habari kama hii na kumwambia ainyamazie! Nilipoisoma nilizunguka nyumba mbiombio, nikapiga makofi, nikambusu mbuzi wa jirani. Mamkubwa wako akasikia miguu, akauliza, "Mzee, umekanyaga moto?" Nikagonga mara mbili. "Barua ya mtoto?" Mara moja. "Ni mgonjwa?" Mbili. "Anarudi?" Mbili. "Amepandishwa cheo? Mnara umekwisha? Wamenunua kiwanja?" Mbili, mbili, mbili, mpaka vidole vikaniuma. Aliuliza kila kitu duniani isipokuwa hicho. Nadhani alishaacha kukiuliza zamani sana, hata moyoni.

Akataka jirani aje asome. Nikakataa. Jirani huyo nilishamjaribu wiki iliyopita kwa kikaratasi changu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika, "Mke wangu, nisamehe kwa kimya hiki," naye akakisoma kama mtu anayesoma bili ya maji, kisha akauliza kama tuna kitunguu cha kumwazima. Nikajaribu kumchorea Mamkubwa herufi kiganjani. Akaangua kicheko, "Unanitekenya, mtu mzima wewe!" Tukaishia hapo. Naibeba habari yako kama mtu aliyejaza maji mdomoni, siwezi kuyameza wala kuyatema.

Sasa mashine. Nilifanya ulivyoniagiza. Mara ya kwanza nilifumba macho, mara ya pili nikazoea, mara ya tatu nikaona kama namtesa mgonjwa. Nikaiwasha tena nikaiacha. Ikakaa. Halafu kioo kizima kikawa bluu, bluu ya kutulia, na maandishi meupe yakatokea katikati: "Chagua njia."

Nilisimama wima, binti yangu. Nimenadi kila kitu katika maisha yangu, matrekta, vitanda, mashine za kusaga, na nimeona vitu vingi vibovu. Sijawahi kuona kitu kilichovunjika kikaniuliza kwa upole nataka kitengenezwe vipi. Mtu aliyeitengeneza alikaa mahali fulani, akawaza kwamba siku moja atatokea mjinga atakayeizima katikati, na akamwachia mjinga huyo mlango. Hanijui, wala sitamjua. Nilimvulia kofia, humo humo chumbani.

Maneno ni haya: "Endelea." "Tatua matatizo." "Zima kompyuta." Nilikuwa nimeweka mikono mgongoni, lakini mmoja ulichoropoka ukabonyeza "Tatua matatizo." Hapo yakatokea mengine mawili: "Rejesha kompyuta upya" na "Chaguo za kina." Chini ya la kwanza wameandika kwamba naweza kuhifadhi mafaili yangu.

Fundi kompyuta wa hapa mtaani alipita, akachungulia, akasema bonyeza hilo la kwanza, mzee, itakuwa kama ilivyotoka dukani leo leo. Kidole kilishafika, binti yangu. Kilishafika! Kisha nikajiuliza: ilipotoka dukani ilikuwa na sauti yangu? Nikakirudisha kidole mfukoni. Nasubiri neno lako.

Bamkubwa wako,
Nyundo (iliyofungiwa kabatini)


26 Februari

Bamkubwa,

Shikamoo. Sote wazima, na huyu mdogo naye, ingawa ameamua kwamba asubuhi nisile chochote. Asante kwa ile "mama mtarajiwa". Nimeisoma mara nyingi.

Kidole hicho ulichokirudisha mfukoni nitakivisha pete! USIGUSE "Rejesha kompyuta upya." Huo upole wa "hifadhi mafaili" usikudanganye. Ingekuhifadhia picha na barua, lakini ingeng'oa programu zote, na sauti yako imo ndani ya programu. Ingetoka safi kabisa na isingekujua.

Fanya hivi. Bonyeza "Chaguo za kina," halafu "Ondoa masasisho." Utaulizwa uondoe sasisho dogo au kubwa. Chagua kubwa. Mashine itaanza kurudisha vyombo katika vyumba vya zamani. Itachukua muda. Itasimama kwenye namba, tena namba za ajabu ajabu. Usihesabu, usiite, usigonge. Ikibidi mpe Mamkubwa nyundo aishike.

Ikifunguka, kabla ya lolote, nakili folda la sauti kwenye flashi mbili. Ikigoma, izime, uifunge, isiguswe na mtu mpaka nije niifungue diski kwa mikono yangu. Bamkubwa, inaweza kugoma. Ilizimwa ikiwa inaandika, na diski inayokatizwa ikiandika huumia wakati mwingine. Nakwambia ili usije ukajilaumu peke yako.

Juzi tuliujaribu mnara kwa mara ya kwanza. Fundi mmoja alikuwa kilima cha pili, hata kwa darubini haonekani. Tukawasha, spika ya simu ikavuma, ikakwaruza, halafu sauti yake ikatoka ikihesabu moja, mbili, tatu. Basi, ni kuhesabu tu. Lakini wachomeleaji, wabeba saruji, mpishi, wote waliacha kazi, na mmoja akavua helmeti. Kazi hii naijua, naijua mpaka nati ya mwisho, na bado nywele zilinisimama. Nikakufikiria wewe.

Mwanao


12 Machi

Bamkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi sijambo, tumbo limeanza kuonekana.

Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema alibisha, Mamkubwa akamwitikia kutoka ndani kwamba hamjambo, naye akakuona dirishani umekaa mbele ya laptopu na hukugeuka. Hakuona kama imewaka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ulinifundisha mwenyewe. Kama imekwenda, niandikie tu kwamba imekwenda. Na kama imekwenda, mwite jirani asome barua yangu, na mboga zake. Nimeondoa sharti langu. Mamkubwa asikae gizani mara mbili kwa sababu yangu.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Hii ni barua yangu mimi, Mamkubwa wako. Maneno ni yangu, mkono ni wa Bamkubwa wako, na nimemwapisha asiongeze wala asipunguze. (Nimeapa. Lakini sikuapa kwamba sitaweka mabano.) Salamu zangu zikufikie wewe na mumeo. Mimi mzima. Yeye mzima pia, amerudia kulalamika, ndiyo dalili.

Utauliza kwa nini tulikaa kimya. Barua yako ya maelekezo ilifika, naye aliogopa. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyeuza nusu ya mji kwa kupepesa jicho alishindwa kubonyeza kitufe kimoja. Kila siku nilimsikia anavuta kiti, anakaa, anapumua kwa lile tundu lake, anakaa zaidi, anarudisha kiti. Mimi sikujua barua inasema nini. Nilijua tu kwamba kuna kitu mezani ambacho mume wangu anakiogopa kuliko alivyokiogopa kisu cha daktari. (Kweli tupu.)

Siku nyingi zikapita hivyo. Jumamosi mchana nikamfuata, nikasimama nyuma yake, nikamuuliza, "Kuna kitufe unakiogopa?" Akagonga mara moja. "Ukikibonyeza inaweza kupona?" Mara moja. "Inaweza kufa kabisa?" Akakwaruza meza kwa ukucha. Halafu mara moja, polepole.

Nikamwambia, mzee, mimi macho yaliniacha kidogo kidogo. Kila asubuhi nilikuwa nainuka na kupapasa nione leo yamebaki kiasi gani. Siku yalipokwisha nililia, nikanawa uso, nikapika. Kungoja ndiko kulikonichosha. Nipe kidole chako. Akanipa. Nikaweka cha kwangu juu ya chake, nikasema, nionyeshe ulipo tubonyeze wote, isije ikasemwa umeiua peke yako. Tukabonyeza. Sijui nilibonyeza nini mpaka leo. (Sasisho kubwa. Amelibonyeza kwa nguvu za kusukuma mlango.)

Akanipa nyundo yake niishike. Sikujua kwa nini, nikadhani ni zawadi.

Tukakaa. Wewe unaona namba, mimi nilikuwa nasikia feni ya mashine. Inavuma, inatulia, inavuma, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ilipotulia, mkono wake ulikuwa unanibana. Ikawa kimya kabisa. Nilijua imesimama, kwa sababu na yeye aliacha kupumua. Nikamwambia, kaa. Akakaa. Jirani akabisha, hatukuitikia. Kisha ikavuma tena.

Jua lilikuwa limeshahama kutoka mapajani kwangu hadi miguuni ndipo nikasikia ule mlio wake wa kuamka, ting, ule niliokuwa nauona wa kipuuzi. Bamkubwa wako akaanguka na kiti. (Sikuanguka. Niliteleza.) Nikamsikia anahangaika na vijiti viwili, anachomeka, anangoja, anachomoa. Nikakasirika. Nikasema, baada ya kimya chote hiki unacheza na vijiti? Leo najua alikuwa anatii maagizo yako. Flashi moja dereva anakuletea pamoja na barua hii, imo ndani ya soksi.

Halafu akaanza kuandika. Vitufe vikalia kwa muda mrefu, vikafutwa, vikalia, vikafutwa. Mwisho akaandika kwa kifupi tu, na mashine ikasema.

Ikasema, "Mke wangu. Binti yetu ana mimba. Wewe ni bibi."

Ni yeye, mwanangu. Ni yeye kabisa, na ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi. Sikujibu. Alidhani sikusikia, akabonyeza tena, na sauti ikarudia vile vile, mkwaruzo mahali pale pale. Akashika uso wangu, akaukuta umelowa, ndipo akaacha kubonyeza.

Nitakwambia nilichokuwa nakiwaza, maana yeye nimeshamwambia. Siku walipomtoa kile kisanduku cha kooni nilimuuliza daktari wamekipeleka wapi. Akasema kimechomwa, ndivyo wanavyofanya. Kwa hiyo najua kwa hakika kwamba hakipo popote, hakuna hata majivu yake ninayoweza kuyashika. Na hicho hicho kisichokuwepo kilikaa mbele yangu mchana mweupe kikanipa habari ya mtu ambaye naye hajafika, hajawahi kupumua wala kulia. Mmoja ameshaondoka, mwingine hajaja, na wote wawili walikuwa chumbani kwangu kwa wakati mmoja. Nimeishi, nimezika watu, nimepoteza macho, na sijawahi kukutana na jambo kama hilo. Sijui linaitwaje. Nimekaa nalo tu, na silali vizuri kwa furaha.

Kisha nikamwomba anisomee barua zako zote tangu mwanzo, na pale ulipoandika kwamba sikukuonyesha nilikosa kitu, nikamwambia arudie. Sikukosa, mwanangu. Nilichelewa tu kukupata.

Kula asubuhi hata kama hutaki, hata kidogo. Usikae kwenye upepo.

Mamkubwa wako, ambaye sasa ni bibi

(Binti yangu, karatasi imeloa hapo chini na herufi zimetawanyika. Nilitaka kuiandika upya, amenikataza. Anasema ipeleke hivyo hivyo.)